Maana na Matumizi ya Neno "Laudable": Tatizo la Kisawe

Neno la Kiingereza "laudable" lina asili ya Kilatini, "laudabilis", litokanalo na kitenzi "laudare", yaani kusifu. Kiambishi tamati chake huonesha ustahiki: kitu huwa "laudable" kikistahili sifa, hata kama hakuna aliyekisifu. Hapo ndipo linapotofautiana na "laudatory", lenye maana ya kutoa sifa. Mfasiri ayachanganyaye hugeuza kisifiwacho kuwa kisifucho.

Kimatumizi, neno hili huambatana zaidi na nia, lengo au juhudi, na mara nyingi hufuatiwa na "lakini". Msomaji mzoefu akiambiwa kuwa lengo la sera fulani ni "laudable", hutazamia kasoro za utekelezaji kutajwa baadaye. Aidha, ustahiki huo ni hukumu ya msemaji tu: hadi karne ya 19 matabibu wa Ulaya waliuita hivyo usaha mzito wa jeraha, wakiudhania kuwa dalili ya kupona.

Je, "-a kusifika" ni kisawe chake? La. Kauli ya kutendeka hubeba uwezekano na hali pia. Na katika "sifika" hali ndiyo iliyotawala. Anayesifika ana sifa tayari, astahili asistahili. Mtahini akiandika kwamba juhudi za mwanafunzi ni "laudable", nasi tukafasiri kuwa "zinasifika", tutakuwa tumempa umaarufu badala ya stahili yake. Hivyo, "-enye kustahili sifa", ingawa ni kirai kirefu, ndicho kisawe kifaacho.