Kuuliza si Ujinga, Hata kwa Mwalimu

Mwalimu akishafunga mlango wa darasa, aghalabu hubaki peke yake na shida zake. Akishindwa kumfundisha mtoto kusoma, hakuna mwenzake amwonaye, na hasara humwangukia mtoto.

Katika Wilaya ya Pili ya shule za mji wa New York, Marekani, upweke huo ulivunjwa. Anthony Alvarado alishika usimamizi wa wilaya hiyo mwaka 1987. Chini yake, mwalimu aliyetaka kuendelea alikaa majuma matatu katika darasa la mwalimu hodari, akitazama na kujaribu, huku mwalimu mwingine mzoefu akilishika darasa lake. Wakuu wa shule nao walitembeleana. Mwaka 1987 wilaya hiyo ilikuwa ya 10 kwa kusoma kati ya wilaya 32 za mji huo. Mwaka 1996 ilikuwa ya 2.

Askari hajifunzi shabaha peke yake, bali mbele ya macho ya mkufunzi na wenzake. Basi mzazi amwonapo mwalimu ameketi nyuma ya darasa la mwenzake, asidhani anapoteza wakati. Yumo kazini, na faida ni ya mtoto.