Karani Aliyeshika Mwiko



Mtu akiacha kazi ya ofisini kwa hiari yake, akaenda kubeba karai la zege, watu husema amerogwa. Jirani yangu mmoja alisemwa hivyo. Alikuwa karani wa ghala, kazi yake kuandika magunia yaingiayo na yatokayo. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuja kila mwezi. Alipofika miaka 31 akaamua kujifunza uashi. Mkewe alimwuliza swali moja tu: "Baba watoto, mwezi huo wa kwanza tutakula nini?"

Swali hilo linakuja kabla ya mwiko na timazi. Mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa fundi, halipwi kama fundi. Wengine hupewa posho ya chakula, wengine hawapewi hata hiyo. Basi jirani yangu alingoja. Alilima msimu mmoja zaidi, akajaza mahindi ya nyumbani, ndipo akaaga.

Na hakutoroka kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wake wa kwanza kazini, hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Aliandika barua mwenyewe, akabaki na nakala. Siku ya mwisho akaomba cheti cha utumishi, kwa sababu hicho ni haki ya kila anayeacha kazi.

Fundi wake alikuwa kijana wa miaka 24. Hapo ndipo palipomchoma. "Mzee, lete karai! Mzee, maji!" Siku nzima ni hivyo. Wiki ya kwanza viganja vilijaa malengelenge. Tena saruji mbichi hula ngozi, kwa hiyo vaa glavu na mabuti kama unavyo, na unawe kwa maji mengi kila unapopumzika.

Lakini alikuja na kitu: hesabu. Siku moja walikuwa wanapima msingi wa nyumba ya vyumba viwili, na pembe ya ukuta ikawatilia shaka. Yeye akakumbuka hesabu ya shule. Kutoka kwenye kona, pima futi 3 kwenye uzi mmoja, tia alama. Pima futi 4 kwenye uzi wa pili, tia alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni futi 5 kamili, pembe ni mraba. Ikizidi, pembe imefunguka, ikipungua, imebana. Kwa nyumba kubwa tumia 6, 8 na 10, maana ukipima padogo, kosa dogo halionekani. Walipima, wakakuta imefunguka. Uzi ukasogezwa kabla tofali la kwanza halijalazwa. Toka siku ile kijana akaanza kumwita "karani wetu", na daftari la mifuko ya saruji likawa mikononi mwake. (Mimi nilifurahi sana, maana kazi yangu ni madaftari.)

Naye kijana alimfundisha yasiyo daftarini. Zege la ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto linajulikana na wengi. Lakini ukizidisha maji ili lichanganyike kwa urahisi, umeliharibu. Likishamwagwa na kushika, linyweshe maji siku 7, lisikauke upesi likapasuka.

Sasa neno moja gumu. Wapo mafundi wanaotaka mbebaji wa bure, si mwanafunzi. Kwa hiyo andikeni mapatano kabla ya kuanza: utakaa muda gani, posho kiasi gani, lini utashika mwiko, lini utapiga lipu. Wote wawili mtie sahihi, na shahidi mmoja. Jirani yangu hakufanya hivyo, akabeba karai miezi mitano kabla ya kulaza tofali lake la kwanza.

Leo anajenga kuta mwenyewe, ila hana cheti cha ufundi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Kazi hiyo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Wewe uliye na hali kama yake, nenda chuo cha VETA kilicho karibu, uulize siku ya upimaji na gharama zake. Yeye ameshauliza, na mahindi ya nauli yamekwisha tengwa na mkewe.