“Umepakiwa” si “utapakiwa”

Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, silabi moja yaweza kumtia mtu hasara. “Mzigo umepakiwa” maana yake uko ndani ya lori. “Utapakiwa” ni ahadi tu. Mgeni wa lugha anayesikia “pakiwa” pekee hutoa fedha mapema.

Siri iko kwenye viambishi. Katika “nimelipa”, ni- huonyesha nafsi, -me- hali timilifu, yaani jambo limekwisha, na -lip- ni mzizi. Weka -ta-, malipo yanakuwa ya baadaye. Ongeza -w-, “nimelipwa”, na mtoaji anageuka mpokeaji.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2021. Kwa mfanyabiashara anayejifunza, swali la kuuliza kabla ya kufungua pochi ni hili: “Umepakiwa, au utapakiwa?”