Je, Wajua? Kabla Hujaiuza Kamera ya Filamu

Nyacheki, katika eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, ni soko kama masoko mengine ya Gusii: harusi, matanga, ubatizo na siku za kufunga shule zote hutaka mpiga picha. Kama wewe ndiye huyo, na bado una kamera ya filamu huku ukiitazama ya dijitali kwa jicho la kununua, mambo haya yanakuhusu.

Je, wajua kwamba kamera ya kwanza ya dijitali ilizaliwa katika kampuni ya filamu? Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliiunda mwaka 1975 huko Rochester, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilihifadhi picha kwenye kaseti, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuingia. Ukali wake ulikuwa megapikseli 0.01 tu. Kodak iliendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Je, wajua bei ilivyoshuka? Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7, iliuzwa kwa takriban dola 5,000. Miaka minne baadaye Canon ikatoa EOS 300D yenye megapikseli 6.3 kwa chini ya dola 1,000. Hapo ndipo wapiga picha wengi wa kawaida duniani walipoanza kupiga hesabu kwa dhati.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye simu za mkononi, ikairudisha mwaka 2013? Katika miaka hiyo simu zenye kamera zilienea, na mteja aliyekuwa akimsubiri mpiga picha sokoni akaanza kujipiga mwenyewe. Anayehamia dijitali leo anashindana na simu iliyo mfukoni mwa mteja wake. Ataishinda kwa kujua mwanga, kwa kuwapanga watu vizuri na kwa kuchapisha picha inayodumu.

Je, wajua kwamba filamu ya rangi husafishwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi, kwa dakika 3 na sekunde 15? Joto likipotoka kidogo, rangi huharibika. Ndiyo maana kazi hii iliachiwa mashine za mjini. Dawa hizo nazo huharibika zikikaa bila kutumika, kwa hiyo filamu zikipungua, maabara hufungwa. Wapiga picha wengi hawakuiacha filamu kwa hiari. Walikosa pa kuisafisha. Kabla ya kuamua, uliza kwanza: maabara iliyo karibu nawe bado inapokea filamu?

Je, wajua tofauti ya idadi? Filamu moja hutoa picha 24 au 36. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba takriban 3,000, kila moja ikiwa na megabaiti 10. Aliyefunzwa na filamu huwa na adabu ya kutazama vizuri kabla ya kubonyeza. Adabu hiyo usiiache, maana ndiyo inayokuokoa usikeshe ukichagua picha 800 za harusi moja.

Je, wajua kwamba Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hupiga picha hata bila betri? Betri yake ni ya kipima mwanga pekee. Kamera ya dijitali isiyo na chaji haipigi hata moja. Kwenye bajeti yako weka betri ya pili, na njia ya kuchaji siku umeme ukipotea.

Je, wajua kwamba filamu ya rangi ya negativu husamehe mwanga uliozidi, ilhali dijitali haisamehi? Gauni jeupe la bibi harusi kwenye jua la saa saba likipigwa kwa mwanga mwingi mno, nakshi zake hupotea kabisa kwenye dijitali. Punguza mwanga kidogo, kisha ung'arishe vivuli baadaye.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu? Ngozi nyeusi ndiyo iliyoumia: sura zilitoka zikiwa na giza. Hata mwaka 2021 Google ilikuwa bado inatangaza marekebisho ya ngozi nyeusi kwenye simu yake ya Pixel 6. Kwa hiyo usiiamini kamera tu. Amini macho yako yanayowajua watu wako.

Je, wajua kwamba lenzi za Pentax zenye kiungo cha K, kilichoanza 1975, bado huingia kwenye kamera za dijitali za SLR za Pentax? Usiuze lenzi kabla ya kuuliza.

Je, wajua adui wa negativu katika nyanda zetu za mvua? Unyevu. Huleta ukungu kwenye filamu, na kwenye lenzi huota nyuzi kama za buibui. Negativu zikianza kunuka siki, ujue plastiki yake inaoza, na haitapona. Zitenge na nyingine, uzinakili mara moja.

Je, wajua kwamba negativu zilizosahaulika zimerudisha historia? Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu takriban 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio, na mwaka 2019 picha hizo zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya, aliuawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Picha zake zilikuja kupatikana katika gereji Nairobi miongo kadhaa baadaye. Huko Zanzibar, studio ya picha ya Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930 imehifadhi sura za mji kwa vizazi.

Je, wajua kwamba kamera hiyo hiyo ya dijitali unayotaka kununua inaweza kunakili negativu zako? Inua ukanda kwenye mwanga wa dirisha: ni wa rangi ya chungwa, shati jeupe linaonekana jeusi, nyuso zimegeuka. Ulaze juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, upige kwa karibu, kisha ugeuze rangi kwa programu. Weka nakala zaidi ya mahali pamoja.

Je, wajua kwamba filamu haijafa? Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, inayotoa picha 72 kwenye filamu ya 36.

Basi hamia dijitali, kazi inakudai. Lakini boksi la negativu lililo chini ya kitanda lina ndoa, mazishi na utoto wa kijiji kizima, na pengine hakuna nakala nyingine popote. Waite wazee wanaozijua sura hizo, uandike majina, mahali na mwaka juu ya kila bahasha. Kamera itasubiri mwezi ujao. Anayekumbuka majina huenda asisubiri.