Kobe bila joto na unyevu hufa kimya kimya

Na Mwandishi Wetu

KOBE akiugua halii. Hapigi kelele kama mbuzi wala hatetei kama kuku. Hujikunyata pembeni, akaacha kula, na mwenye kobe anapogundua tatizo mara nyingi huwa amechelewa.

Wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Holili na Tunduma wanawafahamu kobe wa porini wanaokatiza barabara wakati wa mvua. Hata hivyo, kumwona kobe njiani ni jambo moja na kumtunza ndani ya banda ni jambo jingine. Suala hili linamhusu hasa aliyerejea nyumbani kutoka Ulaya akiwa na kobe wake wa kufugwa, akadhani kwamba kwa kuwa huku ni Afrika, taa haihitajiki tena.

Pande mbili za banda

Mwili wa kobe hauzalishi joto la kumtosha. Porini huota jua asubuhi, na jua likiwa kali hujificha kichakani. Hivyo basi, banda lake linapaswa kuwa na upande wa joto na upande wa ubaridi ili achague mwenyewe.

Kwa kobe mwenye madoa kama ya chui, ambaye ndiye wa kawaida katika nyika zetu, sehemu iliyo chini ya taa iwe na nyuzi joto 32 hadi 35 za sentigredi, na upande wa pili 24 hadi 27. Usiku, kwa kobe mchanga, joto lisishuke chini ya nyuzi 20.

Taa iwekwe upande mmoja, si katikati. Ifungwe kwa mnyororo, mbali na nyasi kavu, maana taa ikianguka inaweza kuunguza nyumba. Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, usawa wa gamba la kobe, kwa kuwa joto la juu karibu na taa silo analolipata mnyama aliye chini.

Aidha, kobe anahitaji mionzi ya urujuanimno ili mwili utengeneze vitamini D na kujenga gamba na mifupa. Jua la dirishani halisaidii, kwani kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote hiyo. Dawa rahisi kwetu ni kumtoa nje saa kadhaa kila siku, mahali penye jua na kivuli.

Unyevu si adui

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliamini kuwa kobe wa nyikani lazima akae pakavu, na kwamba gamba lenye vilima linatokana na protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wawili, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kuwalea watoto wa kobe wakubwa wa ukanda wa Saheli. Ilionekana kuwa hewa kavu ilichangia vilima hivyo kuliko protini.

Sababu yake inaeleweka. Mtoto wa kobe hutumia muda mwingi akiwa amejichimbia chini ya nyasi na udongo, ambako kuna unyevu hata wakati wa kiangazi.

Ndani ya banda, tandika udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita nane hadi 10. Mwaga maji kidogo pembeni ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu. Weka pango dogo la kujificha. Mara kadhaa kwa wiki mwogeshe katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, kwa dakika 15 hadi 20.

Lakini unyevu bila joto ni hatari. Baridi ikikutana na majimaji, kobe hupata nimonia, naye hawezi kukohoa akatoa makohozi. Mapovu puani na kupumua mdomo wazi ni dalili za kumkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Pwani na nyanda za juu

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni Shelisheli, wanaishi nje bila taa kwa sababu hewa ya pwani ina joto na unyevu. Nairobi au Arusha ni tofauti. Usiku wa Julai baridi hushuka mno chini ya nyuzi 20.

Umeme ukikatika, tumia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo na ufunike banda kwa blanketi, ukiacha nafasi ya hewa. Usiweke jiko la mkaa chumbani. Moshi wake usioonekana unaua watu na wanyama.

Kwa wafanyabiashara

Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuwavusha mpaka kunahitaji vibali. Kobe bapa wa miambani, anayepatikana Kenya, Tanzania na Zambia, alipandishwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kwanza, inayozuia biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini.

Kwa hiyo ukiombwa kubeba gunia lenye kobe "wachache tu", kataa. Hata wakivuka salama, gunia halina upande wa joto wala wa ubaridi, na wengi wao watakuwa wamekwisha kuugua kabla ya kufika sokoni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.