Kwa na Katika: Lugha ya Uwiano na Uwezekano Darasani

Mtoto anayeharisha aghalabu huokolewa kwa maji, sukari na chumvi. Kipimo kinachofundishwa kinajulikana na wengi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama aliye na chupa ya nusu lita hana budi kufanya hesabu ndogo ya uwiano kabla ya kukoroga. Akitia chumvi ile ile ya lita nzima katika nusu lita, maji yake yatakuwa na chumvi maradufu, nayo huweza kumdhuru mtoto ambaye mwili wake umekwisha kukaukiwa. Hesabu hiyo si ya chuo kikuu. Ni ya mtoto wa miaka 12 au 13. Hata hivyo, ni miongoni mwa zile zinazowatatiza wanafunzi wa madarasa ya kati kuliko mwalimu anavyotazamia.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza upande mmoja wa tatizo hilo ambao walimu wa hisabati huwaachia walimu wa lugha, na walimu wa lugha huwaachia wale wa hisabati, yaani maneno yenyewe ambayo kwayo uwiano na uwezekano huelezwa kwa Kiswahili. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na istilahi za hisabati zikapata nafasi ya kuzoeleka. Nchini Kenya masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne. Lakini yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa anajua kwamba pale mwanafunzi asipoelewa, mwalimu huigeukia lugha ambayo wote wawili wanaimudu. Wakati huo ndipo ufafanuzi halisi hutolewa, na ndipo maneno yasiyochaguliwa vema huleta madhara.

Tuchukue kwanza neno dogo kabisa, kwa. Mwalimu huandika ubaoni 2:3 na kusoma “mbili kwa tatu”. Kwake yeye, 2:3 na 4:6 ni uwiano mmoja. Mwanafunzi naye amelisikia neno hilo mahali pengi kabla ya kuingia darasani. Amesikia chumba cha “futi kumi kwa kumi”, ambapo kwa hudokeza kuzidisha. Zaidi ya yote amesikia matokeo ya kandanda: Wageni wameshinda mabao mawili kwa moja. Katika kandanda, mawili kwa moja na manne kwa mawili si mamoja hata kidogo. La kwanza ni ushindi wa bao moja, la pili ni wa mabao mawili. Kwa hiyo mtoto anapoambiwa kwamba 2:1 ni sawa na 4:2, ana haki ya kushangaa, maana redio imekwisha kumfundisha vingine. (Inafaa kukumbuka kwamba hadi mwaka 1976 ligi ya kandanda ya Uingereza ilitenganisha timu zilizolingana pointi kwa kugawanya mabao ya kufunga kwa mabao ya kufungwa, kisha ikageukia kutoa. Mwalimu anaweza kuitumia habari hiyo vizuri sana: kwa kanuni ya kale matokeo hayo mawili yalikuwa na thamani moja, kwa kanuni mpya sivyo.)

Kosa linalozaliwa hapa si geni kwa wachunguzi wa elimu. Robert Karplus na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima kwa swali ambalo limepata umaarufu. Bwana Mfupi ana kimo cha vifungo vinne, na Bwana Mrefu ana kimo cha vifungo sita. Bwana Mfupi akipimwa kwa vibanio vya karatasi, kimo chake ni vibanio sita. Je, Bwana Mrefu atakuwa na vibanio vingapi? Jibu ni tisa. Wanafunzi wengi hujibu nane, na hoja yao ni kwamba Mrefu amemzidi Mfupi kwa viwili, basi atamzidi kwa viwili tena. Hawakukosea kujumlisha, wamelinganisha kwa tofauti mahali ambapo walitakiwa kulinganisha kwa mara.

Kiswahili kina sehemu yake katika kosa hilo, ingawa watoto wa lugha nyingine hulifanya vile vile. Vitenzi vyetu vya kulinganisha, yaani kuzidi, kupita na kupungukiwa, vyote huelekea kwenye tofauti. “Asha anamzidi Juma kwa miaka miwili” ni sentensi ya kawaida, na hapana asiyeielewa. Ili kulinganisha kwa njia ya pili hutumika neno mara, ambalo lina mzigo wa maana nyingi: mara ya wakati, mara ya kurudia, na mara ya kuzidisha. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kimo cha Mrefu ni “mara moja na nusu ya kimo cha Mfupi”, sikio lake huweza kulipokea “mara moja” kwa maana ya “sasa hivi”. Kibaya zaidi ni msemo wa “mara mbili zaidi”, unaochanganya mambo mawili katika kauli moja. Je, kilicho mara mbili zaidi ya kumi ni ishirini au thelathini? Watu wazima hubishana juu yake, na magazeti huutumia kila siku. Mwalimu wa hisabati angefanya vema kuupiga marufuku darasani na kusema tu “mara mbili ya kumi”.

Isidhaniwe kwamba lugha hii ni kikwazo tupu. Ina nyenzo za uwiano ambazo Kiingereza hakina, na inasikitisha kwamba hazitumiwi inavyostahili. Nyenzo iliyo bora ni kule kurudufu hesabu. Mtu akisema “wape watoto machungwa matatu”, machungwa ni matatu basi. Akisema “wape matatu matatu”, amekwisha kutaja uwiano bila kuutangaza: kwa kila mtoto mmoja, machungwa matatu, wawe watoto wawili au mia mbili. Mtoto wa miaka mitano hukosoa vikali asipopewa matatu yake. Neno kila hufanya kazi hiyo hiyo. Fundi mwashi achanganyaye zege ya “moja kwa mbili kwa nne” anaeleweka kwa wanagenzi wake akisema: kila karai moja la saruji, makarai mawili ya mchanga na makarai manne ya kokoto. Akiongeza saruji iwe makarai matatu, mwanagenzi haendi kuongeza mchanga uwe manne. Huongeza uwe sita, na kokoto kumi na mbili, kwa sababu kila humlazimisha kurudia kundi zima. Vipimo vya jadi navyo vimejengwa vivyo hivyo: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima; vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Katika ngazi hiyo hakuna kujumlisha hata hatua moja.

Neno uwiano lenyewe lina historia ya kufaa. Limetokana na wiana, na katika Kiswahili cha zamani kumwia mtu ni kuwa na haki ya kumdai. Namba mbili zinazowiana, basi, ni kama watu wawili wenye ahadi: huyu akiongezeka, yule analo deni la kuongezeka kwa kadiri ile ile.

Mahali ambapo ahadi hiyo huonekana waziwazi ni katika elimu ya mirathi, ambayo wanazuoni wa pwani wameifundisha kwa karne nyingi. Mafungu yaliyotajwa na sheria ya Kiislamu ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Huenda mtu akafariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke hustahili thumuni, mabinti theluthi mbili, na kila mmoja wa wazazi sudusi. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke ana 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4. Jumla ni 27! Mafungu yameizidi mali. Wanazuoni wa Kisunni, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, huondoa tatizo hilo kwa auli: mali hugawanywa mafungu 27 badala ya 24, na kila mrithi huchukua hesabu yake ile ile. Mali ikiwa shilingi 270,000, mke hupata 30,000, mabinti 160,000 kwa pamoja, na kila mzazi 40,000. Thumuni ya mke imegeuka kuwa sehemu moja katika tisa, lakini uwiano wa 3:16:4:4 haukuguswa. Hapana mrithi aliyepunguziwa zaidi ya mwenziwe kwa kadiri ya haki yake. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha kwamba sehemu ni jambo moja na uwiano ni jambo jingine, na kwamba laiti kila mmoja angepunguziwa kiasi kimoja cha fedha, haki ingalivunjika.

Tofauti hiyo ndiyo mlango wa kuingilia katika uwezekano. Mfukoni mna gololi mbili nyekundu na tatu nyeusi. Mtu akitumbukiza mkono bila kutazama, uwezekano wa kutoa nyekundu ni upi? Wanafunzi kadha wa kadha hujibu “mbili kwa tatu”, kisha huandika 2/3. Wamelinganisha nyekundu na nyeusi ilhali walitakiwa kulinganisha nyekundu na zote. Kosa hilo ni ndugu wa lile la kudhani kwamba saruji katika zege ya 1:2:4 ni nusu, kwa vile imeandikwa moja kwa mbili. Kwa hakika ni sehemu moja katika saba. Hapa Kiswahili kinampa mwalimu silaha nyepesi. Neno kwa na liwe la kusimamisha sehemu mbele ya sehemu: mbili kwa tatu. Neno katika na liwe la sehemu ndani ya kitu kizima: mbili katika tano. Kwa kuwa katika hutaja mahali, mwanafunzi huona kwamba zile mbili ziko ndani ya zile tano, nazo zimehesabiwa humo. Walimu wakishikilia desturi hiyo tangu somo la kwanza la uwiano, somo la uwezekano litakapofika litakuta njia imefyekwa.

Lakini istilahi uwezekano yenyewe haikukamilika. Katika lugha ya kila siku, “kuna uwezekano” maana yake ni kwamba jambo halikukatazika; jibu ni ndiyo au la. Hisabati inataka kadiri. Hapo ndipo hutokea hoja inayosikika katika kila shule: “Ama mvua itanyesha ama haitanyesha, basi ni nusu kwa nusu.” Mambo mawili yanayoweza kutokea yamefanywa kuwa mambo mawili yenye nguvu sawa. Maneno huenda, labda, pengine na yamkini hayasaidii, kwani hayana ngazi iliyokubaliwa. Kinachosaidia ni vivumishi vya kawaida: uwezekano mdogo, mkubwa, mkubwa zaidi. Mwanafunzi apange kwanza matukio kwa vivumishi hivyo, kisha ndipo apewe namba kati ya sifuri na moja.

Neno bahati lingefaa kuwekwa kando kabisa. Bahati hukaa kwa mtu. Husemwa kwamba fulani ana bahati, au kwamba bahati yake imelala. Uwezekano haukai kwa mtu bali kwenye mfuko wa gololi, na mkono wa Asha hautofautiani na mkono wa Juma. Kijana anayeweka fedha katika kamari za kandanda akiamini kwamba baada ya kushindwa mara tano zamu yake imekaribia, amechanganya mambo hayo mawili, na hasara ni yake. Nasibu ni neno bora kwa tendo la kuchagua bila kupendelea. Tena lina asili ya kupendeza: katika Kiarabu nasibu ni fungu, sehemu aliyokatiwa mtu, na ndipo likaja kumaanisha ajali na majaliwa. Fungu la mrithi na jambo la kubahatika yalikutana katika neno moja kabla ya mwalimu yeyote wa hisabati kuyakutanisha. Kura nayo ilikuwa ya kugawia mafungu kabla ya kuwa ya kuchagulia wabunge.

Jambo la mwisho ni kuhesabu matokeo. Sarafu ikirushwa mara mbili, wanafunzi husema matokeo ni matatu: picha mbili, nembo mbili, au moja moja, na kila moja hupewa theluthi. Wasichekwe. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alikosea katika swali la aina hiyo hiyo mwaka 1754, akasema kwamba uwezekano wa kupata picha angalau mara moja katika mirusho miwili ni theluthi mbili. “Moja moja” imeficha matokeo mawili. Kiambishi -ka- huyafichua: ikaja picha, kisha ikaja nembo, si sawa na ikaja nembo, kisha ikaja picha. Njia nyingine ni kurusha sarafu mbili zisizofanana. Sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 zinafaa sana, kwani ile ya shilingi moja ina twiga na ile ya shilingi tano ina faru, na kila moja ina nembo ya taifa upande wa pili. Matokeo sasa hujitaja yenyewe: twiga na faru, twiga na nembo, nembo na faru, nembo na nembo. Ni manne, na mnyama yumo katika matatu. Darasa ambalo bado lina shaka lirushe sarafu hizo mara mia moja, na kila tokeo lipewe mstari wake ubaoni.