Mashua ilikosa sauti: namna tulifunga baflo zisizoogopa maji

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi bamama munaongojea samaki ya Kasenga kila mwisho wa mwezi, leo hatusemi juu ya mishahara. Tunasema juu ya mashua na waya.

Munajua ya zamani. Tangu wakati wa wakoloni, samaki ya Luapula na ya ziwa Moero ndiyo ililisha kambi za wafanyakazi wa Lubumbashi. Wachuuzi Wagiriki wa Kasenga walikuwa wakiipandisha kwa malori. Njia ile bado iko. Sisi watu wa sendika, pamoja na wazee waliokwisha kutoka kazini, tulikusanya likelemba tukanunua mashua ya mbao yenye moteri ya nyuma. Inatoka Kasenga, inashuka Luapula, inaingia ziwani, inafika Kilwa. Inapeleka chumvi, sabuni na watu. Inarudisha samaki mukavu na watu.

Vijana walituambia: «Mutie muziki, abiria watapenda mashua yenu.» Tukatia. Redio ya gari, baflo mbili za kartoni, waya ya sokoni. Siku ya kwanza ilikuwa sikukuu. Lakini musimu wa mvua haukuisha, baflo zikaanza kukoroma kama muzee mwenye kifua, kisha zikanyamaza. Hatukujali. Tulifikiri ni muziki tu umekufa.

Siku moja, pale mto unapoingia ziwani, upepo ulikuja kwa ubavu. Mashua ikainama. Watu wakasimama wote mara moja, wakakimbilia upande mumoja. Piloti alilia: «Mukae chini! Musikimbie!» Moteri ilikuwa inanguruma mugongoni mwake, na sauti yake haikufika hata katikati. Maji yakaingia. Tulipoteza magunia ya samaki, na bibi ya mwenzetu mumoja alianguka majini, mtoto mugongoni. Tuliwavuta kwa kamba. Wako wazima wote wawili, Mungu asifiwe, lakini mtoto alikohoa maji mpaka Kilwa.

Ku mugodi, mbele ya kulipusha dinamiti, sirene inalia. Hakuna anayesema ule ni muziki. Sisi wa sendika tumegombana na wakubwa miaka mingi juu ya sirene zilizokufa na taa zisizowaka. Na mashua yetu wenyewe ilikuwa na sirene iliyokufa, tukaiacha hivyo. Aibu ile ndiyo ilituitisha kikao.

Kikao kilikuwa kikali. Muzee mumoja aliuliza: jile za kuogelea ao sauti, nini mbele? Alikuwa na haki. Tulinunua jile kwanza, na sauti ikangojea michango miwili ingine.

Kisha tulifungua vyombo vya zamani ili tuone ni nini ilivihariba. Karatasi ya baflo ilikuwa imelowa na kuoza, hilo hata mtoto angelijua. Lakini waya! Tulipasua ngozi yake, ndani shaba imekuwa unga wa kijani, rangi ile ile ya malakiti. Sisi tunaotoa shaba mu udongo, tuliiona inarudi kuwa udongo. Watu watasema Moero si bahari, maji yake hayana chumvi. Ni kweli. Chumvi tunaibeba sisi wenyewe, magunia kwa magunia, ya kutengeneza samaki. Inamwagika, inachanganyika na maji yaliyo chini ya mbao, na kila waya inayolala pale inakuliwa polepole.

Kipande kingine cha waya hakikuwa hata shaba. Kilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Watoto wa Katanga, kuuziwa shaba ya uongo! Tangu siku ile hatununui waya bila kuikwaruza kwa kisu. Ile ya uongo ni nyekundu inje, nyeupe ndani. Ile inayofaa mashua ni kinyume: nyeupe inje, nyekundu ndani, kwa sababu kila uzi wa shaba umepakwa etaini, na etaini haikuliwi upesi na maji. Etaini ni ile inayotoka mu kasiterite, kama ya Manono. Basi waya ya mashua ni shaba na etaini, vitu viwili vya kwetu, na tulivilipa bei kali sana dukani.

Mwenzetu fundi wa umeme ndiye alifunga yote. Waya hazipiti tena chini, zinapita juu chini ya ukingo, zimeshikwa kwa vibanio ili zisichezeshwe na moteri. Mbele ya kuingia mu ampli, kila waya inashuka kidogo kisha inapanda, hivi tone la maji linaanguka pale chini haliingii ndani. Viungo hakuvisokota kwa mukono na skochi, kama tulivyofanya sisi. Alivibana kwa koleo, akavivalisha mupira unaokaza ukipata moto. Skrubu zote ni za inoksi.

Baflo za kartoni zilikwisha. Tulitia zile za tarumbeta, kama za kanisani na musikitini: moja mbele, moja nyuma, midomo yao imeinamishwa kidogo ili mvua isikae ndani. Muziki wake si mutamu, vijana wananungunika mpaka leo. Lakini sauti ya mtu inapita juu ya moteri, na haiombi nguvu nyingi. Ampli ni ya wati 50. Kwa batri ya volti 12 ni zaidi kidogo ya ampere 4, na fundi alihesabu 5 juu ya hasara. Batri ya ampere-saa 70 hatuitumii kupita nusu, juu ya kuilinda. Inatosha saa saba. Batri hiyo ni ya sauti peke yake. Ya kuwasha moteri hakuna anayeigusa, na fundi aliapa atamukata vidole mwenye kujaribu.

Jambo moja alilikazia kuliko yote: fizibule. Iko karibu kabisa na batri, umbali wa kiganja kimoja. Waya ikiguswa na ingine mahali fulani, fizibule inakatika mbele ya waya kuwaka. Mashua yetu inabeba bidoni za esanse. Batri na swichi viko mbele, esanse iko nyuma. Mwenye kuleta bidoni mbele, harudi kuipanda.

Muziki haukukatazwa. Lakini mikro ikifunguliwa, ampli inaukata yenyewe. Na upepo ukianza, piloti anaufunga hata kama wimbo ni wa nani.

Sasa mashua imepita musimu wa mvua muzima. Tarumbeta moja ilipasuka, lakini ni kwa sababu gunia liliiangukia, haikuwa maji. Bibi ya mwenzetu bado anasafiri nasi, anakaa katikati, mtoto wake amevalishwa jile kubwa kuliko yeye. Kila asubuhi Kasenga, mbele ya kufungua kamba, piloti anashika mikro, anasema kwa Kiswahili kisha kwa Kibemba: upepo ukija, mukae chini, hakuna kusimama. Halafu anaomba mtu wa mwisho kule nyuma ainue mukono kama amesikia. Asipoinua, hatuondoki.